Shavu la Baba

Mimi ni mvulana wa pili kwetu, na kwa sisi Wakikuyu, wa pili hupewa jina la guka, yaani babu, baba yake mama. Ndiyo maana mama yangu hakuwahi kuniita kwa jina. Huniita Baba. "Baba, umekula?" "Baba, toa viatu mlangoni!" Wageni hucheka, sisi tumezoea.

Shida yangu ilikuwa ndevu. Shavu la kulia zilijaa vizuri, la kushoto palikuwa na kipara kikubwa kuliko kifuniko cha soda, na kilikuwa kikipanuka. Pale kiwandani Thika waliniita Nusu Mzee. Nilicheka nao lakini niliumia, siwafichi. Siku ya kupeleka mahari ilikuwa inakaribia, na wazee wa kwao msichana niliyemchumbia wangenikagua kama ng'ombe wa soko. Ruiru, mbele kidogo ya Kamakis, kuna kliniki wanang'oa nywele kisogoni na kuzipanda shavuni. Nikaamua nitapanda.

Jumamosi nikapitia kwa kinyozi wangu wa mtaa wa Kiganjo anisafishe kwanza. Wembe ukamponyoka. "Woi, pole sana, bro!" Nikamuuliza pole ya nini. Akanionyesha damu kwenye taulo, akanibandika plasta shavu la kushoto. Nikamwambia mwanaume hasikii vitu vidogo, tukacheka.

Kutoka hapo nikaenda kwa mama, mtaa wa Kamenu. Alikuwa anakata mboga ya sukuma wiki. Nilipomweleza habari ya kupanda ndevu, kisu kikasimama.

"Baba, hiyo shavu wachana nayo. Ni ya baba yangu. Yeye pia ilianzia hapo."

Nikawaka. "Haiya! Jina nilikubali, sasa hata uso ni wa guka?" Nilidhani ni yale mambo ya majina. Kwetu ukiitwa jina la mtu, kila kitu chako huwa chake, hadi kikohozi.

Aliangalia ile plasta. "Ulisikia uchungu?"

"Wapi! Sikusikia kitu."

Akaingia ndani, akaacha sukuma pale pale.

Nilienda Ruiru na hasira zangu. Daktari, mama mpole, aliniambia nifunge macho, niseme ndiyo kila akinigusa kwa pamba. Upande wa kulia nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Halafu kimya. Nikangoja.

"Sasa anza huku kushoto," nikamwambia.

"Huko nimemaliza," akasema.

Mwili mzima ulinisisimka, isipokuwa hapo. Alisema hawapandi nywele kwenye ngozi isiyosikia. Niende hospitali kubwa, ikatwe kipande ipimwe, na nisikawie. Kisha akauliza kama kuna mtu kwetu aliwahi kuwa na hali hiyo.

Nilirudi Kamenu. Mama aliponiona alianza tu kusimulia. Guka alianza na shavu, watu wakamcheka. Baadaye vidole. Siku moja alishika sufuria motoni na hakujua mpaka nyama yake iliponuka. Watu wakasema ni ukoma, wakamjengea kibanda mwisho wa shamba, na mama, akiwa mtoto, ndiye alikuwa akipeleka chakula. Aliambiwa aweke juu ya jiwe na arudi.

"Alikuwa ananiita," akasema. "Nilikuwa nasikia, na sikugeuka. Akafa hivyo."

Nikamwambia siku hizi kuna dawa, si kama zamani. Ngai, hata mimi sikuamini sauti yangu. Bado hatujui ni nini, hospitali ni Jumatatu. Alipakua ugali, akaketi karibu nami kuliko kawaida, akaninyooshea mkono shavuni. Niliona mkono ukifika. Sikuusikia.

"Kula," akasema, halafu akaniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake.

Nilingoja aseme Baba. Hakusema.