Sifuri za Mpima Mvua

Kila asubuhi saa moja kamili, hata bunduki zikilia upande wa Mutaho, mpima mvua wa Magarama anatoka uani na daftari kwapani. Anainama mbele ya chupa ya kupimia, anafumba jicho moja, anaweka kidole gumba kwenye mstari, ndipo anaandika. Mwaka ule wa ukame aliandika sifuri wiki sita, kwa mwandiko uleule usio na haraka.

Siku moja akakuta chupa imejaa. Akatazama vumbi la uani, akamwita jirani. “Mama Husni, ni wewe?” “Ni mi, baba. Nilikuonea huruma, kila siku zero tu. Mvua imekimbia vita, si kosa lako.” Hakugomba. Alileta madaftari aliyohama nayo kutoka Muyinga, akapitisha kidole mwaka kwa mwaka. “Vita ni vya juzi, mama. Mvua ilianza kupungua zamani. Watakaolima vita vikiisha watasoma humu. Nikiandika maji yako, watapanda mbegu kwenye vumbi.” Kisha maji yale akayamwagia maharagwe ya Mama Husni, shina kwa shina, akaandika sifuri.