Kilima cha Saba

Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko. Herufi zangu hupanda mlima kila mstari, na mahali nimeweka "l" pengine ilifaa "r". Niliishia darasa la nane na ninaandika polepole, kurasa hizi zimenichukua jioni nne. Lakini nikisimulia jambo hili kwa mdomo huwa nakwama katikati, kwa sababu watu wakiniangalia maneno yananiishia. Karatasi haiangalii mtu.

Nilikuwa na miaka kumi. Mimi na ndugu yangu mdogo tuliishi kwa susu, nyanya yetu mzaa mama, upande wa Matiliku. Likizo ya Aprili mjomba alipita na lori lake la mbuzi, akamwacha kwetu kijana wake kutoka Nuu akae wiki moja. Kasini huyo, yaani binamu yetu, alikuwa darasa la saba. Alishuka na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki uliotoboka, na gunia lililofungwa vizuri sana.

Ndani ya gunia kulikuwa na kompyuta. Haikuwa kama za siku hizi. Ilikuwa kibodi tupu, nene, rangi yake kama meno ya mzee, na nyuma ina waya wa kuchomeka kwenye TV. Juu kulikuwa na mdomo wa kuingiza kaseti. Mjomba aliinunua Garissa, kwa mwenye duka aliyeuza vitu vya zamani, akamwambia susu ni ya masomo. Susu aliamini kwa sababu aliona A, B na C.

Kaseti ilikuwa moja na mchezo mmoja. Unaona kilima. Juu kuna wingu, chini kuna nyumba ndogo, na kati yake kuna mtu mwenye jembe. Ukibonyeza mishale anatembea. Ukibonyeza kile kitufe kirefu anachimba, na mchanga unaruka upande anaoangalia. Baada ya muda kidogo wingu linamwaga maji. Maji yakifika kwenye nyumba, nyumba inaenda, na unarudi kilima cha kwanza hata kama ulikuwa umefika mbali. Vilima vilikuwa kumi, hesabu yake ilionekana pembeni ya kioo.

Susu aliweka sheria: asubuhi shamba, halafu mchezo. TV ilitumia betri ya gari iliyochajiwa na sola ndogo juu ya bati, na betri hiyohiyo ndiyo ya redio yake. Ikifika saa saba mchana tulizima, yeye asikilize matangazo ya vifo kwa Kikamba. Mtu akifa popote Makueni bila susu kujua, aliona kama amemkosea marehemu adabu.

Kasini alikuwa hodari mpaka kilima cha saba. Hapo nyumba ilienda Jumatatu, ikaenda Jumanne, ikaenda Jumatano mara tano. Ndugu yangu akaanza kumwita Bwana Saba.

"Bwana Saba, nyumba imeenda tena."

"Nyamaza, wewe hata kilima cha pili hujawahi kukiona."

"Mimi nyumba yangu inaenda mapema, sichoki bure."

Mimi nilikuwa nafika cha tatu tu. Nikijua wananiangalia vidole, vidole vinatoa jasho. Nilipenda zaidi kukaa nyuma yao na kutazama. Lakini niliupenda mchezo ule kuliko wote wawili, na nilitaka sana kuona kilicho nyuma ya kilima cha kumi. Mjomba angerudi Jumamosi mchana. Nuu hapakuwa na TV, yao ilikuwa imeungua na radi. Tusipofika mwisho kabla ya lori kuja, basi hatungefika tena.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tunachimba fanya juu na susu, yale matuta ya kuzuia maji yasibebe shamba. Kasini alichimba kwa nguvu, akirusha mchanga upande wa chini kwa sababu ni rahisi. Susu akasimama.

"Wee mwanake, kijana wa Nuu, hiyo ni nini?"

"Nachimba, susu."

"Unachimbia jirani. Mchanga unarushwa juu. Ukiuweka chini, mvua inakuja na kuupeleka kwa watu."

"Kwetu Nuu tunachunga mbuzi, susu."

"Nimeona. Rusha juu."

Nikabaki nimeshika jembe. Siku zote hizo kasini alikuwa anamgeuza yule mtu wa kwenye TV aangalie chini, kwenye nyumba. Mchanga wote ulilala chini ya mtaro, na maji ya kilima cha saba yalikuwa mengi, yanausukuma na kupita.

Mtu mwingine angesema palepale. Mimi nilikaa na jambo hilo kifuani Ijumaa nzima. Kila nikifungua mdomo mmoja wao anaanza kuongea, nami naufunga. Jumamosi susu alitusamehe shamba kwa sababu mgeni anaondoka. Kasini akacheza tangu asubuhi, na nyumba ikaenda mara mbili. Saa tano ilikuwa imepita, mawingu yalikuwa yamefunika jua, na sola haikuwa inaingiza kitu. Nikasema, nikiangalia sakafu:

"Mgeuze aangalie juu."

Wakageuka wote wawili.

"Amesema neno la kwanza tangu Jumatatu," ndugu yangu akasema.

"Aangalie juu kwa nini?" kasini akauliza.

"Fanya juu."

Aliangalia kilima kwenye kioo. Halafu akasukuma kibodi mbele yangu. "Basi chimba wewe. Mimi vidole vimechoka."

Nilianza kilima cha kwanza. Jasho lilikuja kama kawaida, nikapangusa mikono kwenye sketi, nikaendelea. Cha tatu kilipita. Nilikuwa naenda polepole, kasini akipumua kwa nguvu kando yangu. Cha saba maji yalipomwagika, yaligonga tuta la kwanza, yakajaa mtaroni, yakatulia. Ndugu yangu alitoka nje akazunguka nyumba mbio, akarudi.

Nilikuwa kilima cha tisa susu alipoingia na redio kwapani. Picha ya TV ilikuwa imeanza kusinyaa pembeni, betri inaisha.

"Zimeni hiyo kitu, saa saba imefika."

Hakuna aliyesogea. Susu akaja akasimama mbele ya kioo, akainama.

"Huyo anachimba nini?"

"Fanya juu, susu," kasini akasema.

Akavuta kiti, akaweka redio mapajani. Alitazama mpaka tukaingia kilima cha kumi.

"Kelitu, msichana wewe, umeacha mwanya pale kando. Maji yatapita hapo. Ziba."

Nilikuwa sijauona. Nikakimbiza yule mtu, nikaziba, na maji yakaja. Yalijaza mitaro yote, moja baada ya nyingine, mpaka ule wa mwisho. Nyumba ikabaki.

Kisha picha ikabadilika. Yule mtu alikuwa ameketi mlangoni, kilima kizima kimeota mahindi, na juu yake maandishi mistari mitatu, herufi kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika. Kasini alikimbilia kalamu ayanakili. Alikuwa ameandika vijiti viwili picha ilipogeuka kuwa nukta, ikazimika.

"Imesema nini?" susu akauliza.

Hakuna aliyejua. Redio nayo haikuwaka. Kesho yake kanisani susu aliulizwa kwa nini hakwenda kwa wafiwa wa jirani, na ilibidi aeleze kwamba alikuwa na wajukuu.

Lori lilikuja Jumamosi ileile, saa tisa. Kasini alinipa mkono kama mtu mzima kabla ya kupanda. Huko Nuu mbuzi alitafuna waya wa kompyuta, na kaseti haijulikani iliko.

Kama wewe unayesoma uliwahi kuucheza mchezo huu, au unajua ile mistari mitatu ilisema nini, tafadhali niandikie. Nikijua nitampigia kasini simu, na nitamsomea susu, maana bado huuliza. Usijali ukikosea herufi.