Nguzo ya Vitabu

Mshona vitabu wa maktaba hakuwa mtu wa kuchezewa. Watu walimwita Mama Gundi, naye aliitika, ila ukimrudishia kitabu kimechanika ulipewa vidonge vyako hapo hapo. Kwenye chumba chake nyuma ya ngazi vitabu vilikaa mafungu mawili. Vya kamba nyekundu vilingoja kushonwa. Vya kamba nyeupe vilikuwa vya kutupa.

Maktaba ilipotaka kupamba ukumbi, kazi alipewa mdogo wake, mchongaji. Alitaka kusimamisha nguzo ya vitabu kutoka sakafuni hadi darini. Dada akamwambia abebe vyote vya kamba nyeupe, kisha akaenda kumuuguza mama yao, maana msanii hakuwa na nafasi.

Alirudi siku ya uzinduzi. Kuitazama ile nguzo tu, damu ikamchemka. Vya kamba nyeupe vilikuwa vimepauka, kwa hiyo bwana mkubwa alichukua vya kamba nyekundu. Amevitoboa katikati, amevipitishia nondo! Na kile cha ukunga kilikuwemo, nakala pekee ya maktaba, ambacho mwanafunzi mmoja wa ukunga alikuwa akikiulizia kila wiki.

"Vile vingine havikuwa na rangi, dada," alijitetea.

Rangi, jamani. Mama Gundi akameza hasira kwa ajili ya wageni. Mdogo wake akashika kipaza sauti, akajimwaga: eti vitabu vilikuwa vimelala, yeye ndiye aliyevipa sauti. Watu wakapiga makofi, wala hawajui wanapigia nini.

Mara yule mwanafunzi akaingia na sare yake, kuulizia kitabu. Mtihani ulikuwa kesho kutwa. Mama Gundi akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya nguzo na kumwonyesha jalada lilipo. Binti akakivuta, hakikutoka. Machozi yakamlengalenga.

Hapo Mama Gundi hakujali wageni tena. Alifungua sanduku la vifaa vya uchongaji lililoachwa kando ya nguzo, akatoa msumeno wa chuma, akamkabidhi mdogo wake.

"Kata."

Akapiga magoti na suti yake mpya, akaanza kukata, wageni wakimtazama na soda zao mikononi. Kitabu kilipotoka, kilikuwa na tundu kila ukurasa.

Mama Gundi alikipangusa kwa khanga yake, akampa binti. "Soma, mwanangu. Kila ukifika kwenye tundu, njoo umuulize huyu palikuwa na neno gani."