Ukuta wa Mawaridi Niliopigilia Misumari

Nimeshona rido, yaani mapazia, na kuvisha kuta za nyumba za mbao hapa Goma miaka kumi na tisa. Sijawahi kuona mtu akiuchana ukuta wangu kwa kisu siku ile ile nilipoumaliza.

Ilinitokea mtaa wa Keshero, mwezi wa tisa. Naandika leo kwa sababu nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Naitwa Kanyere, mtaani wananiita mama Rido. Kazi yangu wengi wanaicheka mpaka vumbi na baridi viwaingilie kwenye nyufa za mbao, ndipo wananitafuta. Napima ukuta, naweka kartoni, navuta kitambaa juu yake, napigilia. Unataka mistari? Miraba? Maua makubwa ya kizungu? Nakuwekea.

Ila siku hizi kazi imelala. Watu wanafunga mizigo kukimbia vita kila baada ya miezi michache, nani atahangaika na ukuta? Kwa hiyo papa Honoré alipobisha mlangoni kwangu, sikumuuliza mengi. Hapo ndipo nilipokosea.

Honoré ni mwalimu, mtu wa milima ya Masisi, mpole hadi anakera. Alinyoosha kipande cha kitambaa, ukubwa wa kiganja. Mistari ya rangi ya maziwa na kijani, na katikati ya mistari vishada vya mawaridi mekundu.

"Mama Kanyere, unaweza pata hii?"

"Hii ni ya zamani sana, papa. Juu ya nini usichukue kitambaa ya damas? Batu bote banachukua damas."

"Ni juu ya mama yangu. Anakataa kuingia mu nyumba."

Nilidhani ananitania. Wapi!

Mama yake, mama Émérance, alikuwa ameshuka kutoka Masisi miezi mitatu kabla. Tangu afike hajalala ndani hata siku moja. Analala kwenye kibanda cha jikoni, juu ya mkeka, na kifua kimeanza kumbana. Daktari alimwambia Honoré bila kuzunguka: mvua zikianza huyu mama bado yuko nje, hatamaliza msimu.

"Kila siku anasema hii haiko nyumba yake," Honoré akaniambia. "Nyumba yake iko na maua, kama ya hii kipande alikuja nayo."

Basi nikazunguka. Birere, Virunga, Alanine, soko kwa soko, miguu ikavimba. Wauzaji wakanicheka, eti natafuta maua ya mabibi. Wiki ya pili nikayapata chini kabisa ya balo la chaguwa, nguo za mitumba: mapazia sita marefu, mistari ile ile, mawaridi yale yale. Nilikaa chini pale pale juu ya mawe. Hata nguvu ya kufurahi sikuwa nayo.

Kazi ilinichukua siku mbili. Maua ya namna hii yanakutoa jasho. Vipande vinapoungana, nusu ua la huku lazima likutane na nusu ua la kule, la sivyo kila anayeingia jicho lake linakwama hapo. Nikaunganisha mpaka mshono ukapotea. Kisha nikavuta kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma, misumari juu, misumari chini, kila nusu shubiri.

Clarisse, mke wa Honoré, alipiga makofi.

Saa nane mchana, wingu likiwa limeshuka mpaka kwenye mabati, Honoré alimshika mama yake mkono wakaja mlangoni.

Mama Émérance akasimama. Akaangalia. Akavua viatu.

Akaingia.

Clarisse akaanza kulia. Nilijisemea kwamba sasa angalau mtu mmoja atalala pakavu kwa sababu yangu.

Mama akatembea kando ya ukuta, kidole kikihesabu mistari. Alipofika kwenye kona akaweka kiganja, akasukuma. Kitambaa hakikusogea. Akainama, akapapasa misumari ya chini mmoja mmoja.

"Nani amefunga huku?"

Nikajibu kwa majivuno: "Ni mimi, mama. Ata miaka kumi haitafunguka."

Akageuka akanitazama. Sitaki kutazamwa hivyo tena maishani.

"Mutoto atapumua namna gani?"

Kabla hatujaelewa, ameshachukua kisu cha mkate mezani. Akachana mawaridi yangu kutoka katikati. Akakuta kartoni, akaanza kuikwaruza kwa kucha.

"Lionel! Lionel, toka, bale batu ya bunduki balisha enda! Nilikuambia usikohoe, lakini sasa unaweza kohoa!"

Honoré uso ulimpauka.

"Lionel ni kaka yangu," akasema polepole. "Bananiambiaka alikufa na surua. Mi nilikuwa ningali mu mugongo ya mama."

Ndipo nikaelewa, na nilijichukia. Kule milimani hawapigilii chini. Mbao zinatoka jasho kwa sababu ya ukungu, kwa hiyo kitambaa kinaning'inia kwenye mti juu, na nyuma yake wanaacha nafasi ya hewa. Mtoto wa kufichwa anaenea pale vizuri. Nilikuwa nalijua hilo, nimewahi kuvisha nyumba za huko. Lakini nilitaka kuonyesha kazi ya mjini.

Nikachukua koleo. Nikang'oa misumari yote ya chini, vidole vikitoka damu, nikavuta kartoni yote nje. Kitambaa kikabaki kinaning'inia. Mama Émérance alisimama mbele yake, mkono mdomoni, akingoja.

Hakuna aliyetoka, bila shaka.

Honoré akavua viatu. Akainama, akajipenyeza nyuma ya kitambaa na mabega yake yale, mawaridi yakatuna. Kisha tukasikia mtu akikohoa.

"Mama."

"Lionel?"

"Ndiyo mama. Niko."

Akatoka. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, akampangusa vumbi kwenye nyusi.

"Umekawia. Umekuwa mukubwa."

"Nilikuwa nangojea uniite."

Mama akacheka kidogo, akajilaza kwenye kiti kirefu, mvua ya kwanza ikaanza kupiga mabati. Macho yalikuwa yanafumbika alipouliza:

"Na Honoré, mutoto yangu ya mugongo, eko wapi?"

Honoré alimwangalia Clarisse, akaniangalia mimi.

"Anakuja, mama."

Mpaka leo mama Émérance analala ndani na kifua kimepona. Ndani ya nyumba ile mwanaye anaitwa Lionel. Kila wakati wa kula, mama anatenga sahani moja ya Honoré na kuifunika vizuri, asije akarudi na njaa. Akishalala, Honoré anaifunua na kuila.

Mimi siku hizi sipimi ukuta kabla sijakaa na muzee wa nyumba nikamuuliza kitambaa chake cha zamani kilifanya kazi gani. Ninyi mnaosoma, wazazi wenu wakilia juu ya nyumba iliyobaki nyuma, msikimbilie kuwauliza ilifananaje. Waulizeni ni nani alibaki mle ndani, tena muwaulize wakiwa bado wanayajua majina yenu.