Nyanya za mama zimo ukutani

Leo mama kasusia samaki wangu, sato, jamani.

Nilimuunga samaki kwa nyanya za bustanini kwangu hapa Kiseke, kubwa kama ngumi.
Kaonja mara moja, kasukuma sahani.

"Hizi zina rangi tu. Zile zangu ndogo, zenye uchachu, ziko wapi?"



Miaka ya tisini, mbegu za pakiti zilipojaa madukani, nilijiona mjanja. Mama alikuwa anabandika mbegu za nyanya zake kwa majivu kwenye ukuta wa jiko hili hili, zisubiri mvua. Mimi nikaona uchafu. Nikapiga lipu ya saruji juu yake, wala sikumuuliza.

Leo akaugusa ukuta.
"Zimo humu, mwanangu. Ulizizika mwenyewe."

Mwenye mbegu zile aniambie.
Vikopa vya pole kwenye maoni, vile vya moyo mwekundu, sivitaki.