Ujomba wa Profesa Mdoe

Wee, nchi ngapi Profesa Mbwana Mdoe alizipatanisha! Chuo kikuu alifundisha sera ya mambo ya nje, na serikali ikikwama mezani na mataifa makubwa kuhusu ushuru wa korosho au pamba, inamwita yeye. Kwao Misima, Handeni, walimsikia redioni wakajisifu: huyo ni wetu.

Wetu wa redioni, basi. Kwa Wazigua wa kwao, mjomba si jina la kuitana tu. Mpwa akiposwa, mjomba ndiye anayekaa mbele ya washenga na kusema "tumekubali"; baba mzazi husubiri. Dada yake, Hamisa, alipomwoza Munira, binti yake wa kwanza, alimpigia simu kaka yake mpaka akachoka. Profesa yuko mkutanoni Geneva. Akafanya kama walivyozoea kazini: akateua mwakilishi, ndugu yao Jabiri, mkulima wa mahindi. Akaona kamaliza. Loo! Msomi mzima hajui kwamba ujomba haupelekewi balozi? Alijua sana, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye.

Alipostaafu ikafika zamu ya Yusra, kitinda mimba. Safari hii akaja mwenyewe, kanzu mpya mwilini, njia nzima anapanga maneno. Aliutaka ujomba ule kuliko mkataba wowote aliowahi kuujadili.

Washenga wakaingia kutoka Kilole, Korogwe. Binti akaitwa, na mzee wao akamwuliza kwa adabu, "Mwanetu, tuonyeshe mjomba wako tuzungumze naye."

Profesa akajikohoza, akajiweka sawa.

Yusra akamgeukia Jabiri, aliyembeba mgongoni kumkimbiza zahanati alipougua, aliyekwenda shuleni kila alipoitwa mzazi. "Mjomba wangu ni huyu."

Jabiri akaona haya. "Ah, Yusra! Mjomba mkubwa yupo, mwanangu."

"Nimemwona. Shikamoo, Profesa. Ahsante kwa kuja."

Hakusema kwa kiburi, maskini, na hapo ndipo palipouma. Hamisa hakumkatalia mwanawe. Alimvutia kaka yake kiti kizuri, kile chenye mto, akakiweka upande wa wageni.

Profesa akakaa. Na Jabiri aliposema "tumekubali," Profesa akapiga makofi pamoja na watu wa Kilole.