Magari Manne ya Ma Jovita Yapata Sikukuu Moja

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya ziwa, na uani kwa Jovita Kyaruzi, Nshambya, mjini Bukoba, magari manne yananguruma. Jovita mwenyewe, kitenge kiunoni, anakagua tairi huku akiwategea madereva wake kitendawili.

"Watoto wangu wanne wanalala shuka moja, hakuna anayelivutia kwake."

Madereva wanababaika. Mmoja wao, Gozbert, anashindwa na kutoa mji, kama mchezo unavyotaka. Anatoa Goziba.

"Goziba ni kisiwa, hakina barabara," Jovita anakataa. "Magari yangu nitayapitisha wapi? Nipe Muleba yote."

Anapewa Muleba, anaridhika, anatoa jibu: bima yao mpya. Gozbert anacheka hadi anashikilia mlango wa gari.

Jovita, mwenye miaka 52, alianza kwa kununua ndizi Rubya na kuziuza Bukoba, akizisafirisha kwa gari la kukodi. Leo ana magari yake. Mawili hubeba ndizi na kahawa, mawili hubeba samaki wanaoletwa na boti kutoka Goziba hadi mwalo mmoja wa Muleba. Safari ya samaki, ukitoa mafuta na posho ya dereva, humwachia kama shilingi elfu themanini.

Kila gari lilibarikiwa na padri likapewa jina la mtakatifu: Yosefu, Anna, Klaveri na Tereza. Na kila moja alilikatia bima siku ya somo wake, yaani sikukuu ya mtakatifu huyo.

"Niliona vizuri," anasema. "Asubuhi misa, mchana bima, jioni tunakula. Nani atasahau siku ya sherehe?"

Hakusahau. Kilichomponza ni sherehe kuhama. Mwaka mmoja sikukuu ya Mtakatifu Yosefu iliangukia Jumapili ya Kwaresima, ikahamishiwa Jumatatu. Jumuiya yao ya kanisani nayo, ili watu wote wapate nafasi, ikapanga kusherehekea Jumamosi iliyofuata. Jovita akasogea nao. Bima haikusogea.

Alhamisi, Yosefu akasimamishwa na askari wa barabarani, amejaa samaki, barafu inayeyuka. Faini ikalipwa, Anna akatumwa mbio kupokea mzigo, samaki wakapona. Lakini mwenye samaki hao, Yuster Mhoja, mfanyabiashara wa Goziba, alikuwa amekaa kiti cha mbele na aliona yote.

"Nilimwambia, Ma Jovita, samaki wangu hawajui Kwaresima," anakumbuka Yuster. "Ikitokea tena, natafuta gari jingine."

Kumpoteza Yuster kulikuwa sawa na kuyalaza magari mawili uani. Jovita akaenda kwa Datius, wakala wa bima mjini, kumwomba awe anamkumbusha kwa simu. Datius akamweleza kwamba magari ya biashara ya mwenye mali mmoja yanaweza kukaa ndani ya bima moja. Yote yanaanza siku moja na kuisha siku moja, na likinunuliwa jingine katikati ya mwaka linaongezwa humo humo, kwa kulipia muda uliobaki tu.

Ikabaki kuchagua siku. Kuchukua ya Yosefu ni kumdharau Anna, na dereva wa Klaveri alishaanza kununa. Nyumbani walibishana wiki nzima, hadi mama mkwe wa Jovita, Ma Benigna, aliyekuwa akimenya ndizi, alipochoka.

"Si kuna Watakatifu Wote? Kateni hiyo bima tarehe moja Novemba, mniache nimenye ndizi zangu."

Datius alicheka sana, kisha akaandika hivyo hivyo. Tangu Novemba hiyo hakuna gari lililolala kwa kukosa bima, na Yuster ameongeza mzigo.

Asubuhi hii Yuster, aliyelala Bukoba baada ya kuuza samaki wa jana, ameshaketi mbele ndani ya Anna, tayari kurudi mwaloni. Jovita anapanda pembeni yake na kumweleza anachokiwekea akiba: gari la tano, lenye sanduku la barafu, la samaki watupu.

"Nitaliita Yusta," anasema. "Ila siku ya somo wake sijui ni lini."

Yuster anavuta mlango. "Ya nini kujua? Si kuna Watakatifu Wote? Twende, Ma, boti imeshafika."